Maneno ya Watu Kinywani Mwangu

Vijana wangu, mkipita hapa kwangu mnaniamkia, "Shikamoo Mzee Kipaza," naitikia marahaba, kisha mnaondoka mkicheka. Nadhani wengi wenu hamjui jina hilo lilitoka wapi. Mnafikiri nimepewa kwa sababu naongea sana. Kweli naongea sana, hata marehemu mke wangu alikuwa akiniomba nipumzike ili na redio ipate nafasi. Lakini jina lilitokana na kazi. Tangu Uhuru ulipokuwa bado mbichi mpaka vijiji vya Ujamaa vilipokwisha kusimama, nilikula kwa kusema maneno ya watu wengine. Kwanza nilikuwa mkalimani wa mikutano ya hadhara hapa Kilosa, baadaye nikawa mtangazaji wa kipaza sauti kule Mikumi.

Juzi mjukuu wangu Rehema aliniuliza, "Babu, enzi zenu mtu alikuwa na uhuru wa kusema?" Nikamjibu kwamba uhuru ulikuwepo na hofu ilikuwepo, na mara nyingi vilikaa benchi moja. Hakuridhika. Akaniambia nieleze vizuri. Basi nakaa kueleza, na nyinyi wengine msikilize.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, alitoka upande wa Tabora akaletwa kufanya kazi Kidete. Mama alikuwa Mkaguru wa milima ya Mamboya. Nyumbani walipogombana, mama alisema Kikaguru na baba alisema Kinyamwezi. Kupatana walipatana kwa Kiswahili, kwa sababu huko hakuna aliyemzidi mwenzake. Mimi nilikuwa katikati, napeleka na kurudisha. "Mwambie baba yako chakula kiko mezani." "Mwambie mama yako nimesikia." Hiyo ndiyo shule yangu ya kwanza ya ukalimani, na kusema kweli mikutano ya serikali ilikuwa rahisi zaidi.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Mzee Danieli. Alikuwa ametafsiri mahubiri pale misheni ya Mamboya tangu ujana wake, akawa amechoka kusimama, akatafuta wa kumrithi. Jambo la kwanza aliloniambia lilinishangaza.

"Usiseme 'anasema kwamba'," akasema. "Mtu akisema 'mimi nina njaa', na wewe sema 'mimi nina njaa'."

"Lakini Mzee, watu watadhani ni mimi mwenye njaa."

"Wakikutazama wewe, nenda nyuma ya mwenye maneno, nusu hatua, kidogo upande. Mwenyewe aonekane, wewe usikike."

Mkutano wangu wa kwanza akasimama mama mmoja kueleza mgogoro wa shamba. Akaanza kwa kujitambulisha. Nami, na masharubu yangu mapya niliyokuwa najivunia, nikatangaza kwa sauti: "Mimi ni mke wa tatu wa marehemu." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Niliporudi kwa Mzee Danieli kulalamika, alinimiminia maji ya kunywa, akaniuliza shamba lile liliishia kwa nani. Nikamwambia yule mama alipewa. "Basi walimsikia," akasema.

Kosa langu kubwa la mwanzo lilitokana na aibu. Bwana afya alikuwa akihimiza kila nyumba ichimbe choo. Mkutanoni palikuwa na wakwe wa watu, wazee waheshimiwa, nami nikaona haya kulitaja neno lenyewe kwa Kikaguru. Nikasema kila nyumba ichimbe shimo refu, zuri, lenye kingo imara. Nilidhani wataelewa. Tuliporudi baadaye tulikuta mashimo mazuri sana, marefu, yenye kingo imara, na katika kila shimo umepandwa mgomba. Wenyeji walikuwa wamesimama kando ya mashimo yao wakisubiri kusifiwa. Bwana afya alinitazama, nami nikaitazama migomba.

Mzee Danieli hakucheka alipoisikia habari hiyo. Aliniambia, "Ulidhani unawaheshimu. Ulikuwa unajistahi mwenyewe, na watoto wao wataendelea kuharisha." Tangu siku hiyo nilijua kwamba kulainisha maneno ya mtu nako kuna mtu atakayelipia.

Nayasema haya ili muelewe nilikuwa na nini kichwani siku ile ya Bibi Eliza.

Ulikuwa wakati wa kuhamia vijiji vipya. Tulikwenda kwenye kitongoji kimoja cha milimani, ng'ambo ya Mamboya, mimi na mkubwa mmoja wa serikali nitakayemwita Bwana Kiondo, pamoja na askari wawili. Naomba msimchore vibaya vichwani mwenu. Kiondo alikuwa kijana mwenye bidii, na aliwahi kumlaza mama mjamzito kwenye kiti cha mbele cha Landrova, yeye akaning'inia nyuma mpaka hospitali ya Kilosa. Aliamini alichokisema. Tatizo lake lilikuwa haraka.

Siku hiyo alisimama mbele ya watu akaeleza kijiji kipya kitakachojengwa bondeni, kando ya barabara. Shule, zahanati, bomba la maji. Nikatafsiri, na watu walikuwa wakitikisa vichwa kwa kukubali, hasa kina mama waliposikia bomba. Kisha akaongeza, "Huko juu mnakong'ang'ania hakuna kitu. Ni pori tupu."

Nilitafsiri kama alivyosema. Wale waliokuwa wakitikisa vichwa wakaacha.

Akasimama bibi mmoja mwembamba aliyevaa gauni la kanisani, kanga begani. Huyo ndiye Bibi Eliza. Nilikuwa nimemwamkia asubuhi akaniitikia vizuri na kuniuliza mama yangu ni wa ukoo gani. Kiswahili alikisikia kidogo, kukisema hakutaka. Alisema kwa Kikaguru, polepole, akimwelekezea Kiondo uso wake wote.

"Mwambie huyu mtoto kwamba anasema uongo. Pori tupu lipi? Wanangu wamelala kule. Mume wangu amelala kule. Siku ya Uhuru nilicheza mpaka miguu ikavimba, na sikucheza ili nije niambiwe watoto wangu ni pori."

Wote waliojua Kikaguru walinitazama mimi. Kiondo peke yake ndiye ambaye hakujua kilichosemwa.

"Anasemaje?" akaniuliza.

Vijana, nisikilizeni hapa. Kwa Kikaguru, bibi wa umri ule kumwambia kijana kwamba anasema uongo ni jambo la kila siku, ni kama kumvuta sikio. Lakini kumwambia mkubwa wa serikali kwa Kiswahili, mbele ya umati na askari wawili, "unasema uongo," ilikuwa habari nyingine. Watu walikuwa wamekwisha kulala mahabusu kwa maneno madogo kuliko hayo. Ningeweza kusema, "Bibi anasikitika kuacha makaburi." Lingekuwa neno salama. Naye angerudi nyumbani akidhani amejibiwa, kumbe hakusikika.

Niliwaza ile migomba. Nikamgeukia bibi, nikamwambia kwa lugha yake, taratibu, "Bibi, nikiyapeleka, nitayapeleka kama yalivyo. Na yatabaki kuwa yako, hata kama watayachukia. Unataka yafike yote?"

Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza swali la namna hiyo. Kisha akamwangalia Kiondo, kwa makini sasa, kama mtu anayepima nguo.

"Yote," akasema. "Ila hilo la uongo, ngoja. Muulize kwanza. Amewahi kufika kule juu?"

"Mnateta nini?" Kiondo akasema. "Fasiri."

"Bwana, bibi anauliza kama umewahi kufika kule juu."

"Sijafika. Nina ramani."

Nikamrudishia. Bibi Eliza akashusha pumzi.

"Basi siyo mwongo," akasema. "Mwongo ni anayejua. Huyu ametumwa kueleza mahali asipopajua. Mwambie hivyo, usipunguze. Na la wanangu mwambie lote."

Nikasogea nusu hatua nyuma yake, nikamwambia Kiondo. Nikasema, wewe si mwongo, umetumwa kueleza mahali usipopajua. Nikasema wanangu wamelala kule. Nikasema mimi siku ya Uhuru nilicheza mpaka miguu ikavimba. Mwanamume mzima mwenye masharubu, nikasema sikucheza ili nije niambiwe watoto wangu ni pori. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kiondo aliinamia karatasi zake. Akasema mkutano umeahirishwa.

Tulipoiona Kilosa akanigeukia. "Ungeweza kulainisha," akasema.

"Ningeweza, bwana."

"Kwa nini hukulainisha?"

"Ungenijibu mimi. Mwenye swali ni yeye."

Muda si mrefu nikahamishiwa Mikumi. Niliambiwa ni mahitaji ya kazi, na kila mtu aliyewahi kuhamishwa ghafla anayajua maneno hayo. Mama yangu alilia. Nami nilikuwa na uchungu, nisiwafiche. Nilifikiri nimeitupa kazi niliyoipenda kwa ajili ya maneno ya bibi mmoja.

Kilichotokea baada ya hapo nilikisikia kwa Mzee Danieli. Kiondo alirudi milimani, bila askari na bila mkalimani. Alimkuta Bibi Eliza akipepeta mahindi, akamwonyesha kilima kwa kidole. Bibi akaweka ungo chini, akatangulia. Walipanda mpaka juu, na pale makaburini bibi alikuwa akisimama kwenye kila kaburi na kutaja jina, Kiondo naye analirudia. Majina hayahitaji kutafsiriwa. Mwisho wake watu walihamia bondeni, nisije nikawadanganya kwamba walibaki. Lakini walihama baada ya mavuno, na njia ya kupanda kilimani iliachwa wazi, na waliotaka kuendelea kulima kule juu hawakuzuiwa. Bibi Eliza alihama wa mwisho na vyungu vyake. Maji ya bomba aliyapenda, ingawa kijiji chenyewe hakuwahi kusema kwamba anakipenda.

Mikumi ilikuwa dunia nyingine. Barabara kubwa, malori ya kwenda Zambia yakipanga mstari, madereva wa kila kabila, na usiku tembo wakivunja migomba ya watu. Kiswahili kilitosha kwa wote, hivyo ukalimani haukuhitajika. Nikapewa kipaza sauti, betri ya gari na kibanda karibu na barabara. Nilitangaza chanjo, madarasa ya kisomo cha watu wazima, mikutano, mbuzi waliopotea. Kipaza kina adabu zake. Ukikiweka karibu mno na mdomo, kinatema mate badala ya maneno. Ukikielekeza upepo unakotoka, unajihutubia mwenyewe. Betri ikichoka, unasikika kama mbuzi yule yule unayemtafuta.

Watu walipogundua kwamba sauti yangu inafika mpaka mwisho wa mji, wakaanza kuniletea mambo yao. Tangaza fulani hanilipi. Tangaza mke wa fulani hafai. Nyinyi leo kila mmoja ana kipaza mfukoni, mnajua ninachosema. Nikaweka sharti moja, nililojifunza kwa Bibi Eliza. Yeyote anaweza kusema chochote kwenye kipaza changu, ila asimame hapa kando yangu, aanze kwa jina lake. Wengi waliposikia hivyo walikumbuka kwamba wana shughuli nyingine.

Jirani na kibanda changu alikuwa Zaina, mama lishe wa madereva. Mjane, bado kijana, mwenye kucheka kwa mabega bila kutoa sauti. Chapati zake zilijulikana mpaka Tunduma. Ng'ambo ya barabara alikuwa Shabani, fundi wa kuziba pancha, mtu mkimya mwenye mikono myeusi kwa mpira, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akinywa chai kwa Zaina asubuhi na jioni. Kisha ghafla akaacha.

Asubuhi moja Shabani alikuja kibandani. "Kaka, tangaza watu wajihadhari na chakula cha Zaina. Yule dereva wa lori la mafuta alikula pale, akaanguka njiani. Amemwekea kitu."

"Umemwona akiweka?"

"Watu wanasema."

"Sawa. Simama hapa. Anza kwa jina lako, kisha sema."

Aliitazama ile pembe ya kipaza kama inayotaka kumng'ata. "Mimi nimekuletea habari tu," akasema, akaondoka.

Sikuitangaza, lakini haikunisaidia kitu. Ilitembea yenyewe kwa miguu ya watu. Mpaka mwisho wa juma hilo madereva walikuwa wakimpita Zaina bila kusimama, chai ikipoa kwenye birika. Wenzake wa miaka mingi wakawa wanamsalimia kwa mbali. Aliendelea kuwasha moto kila asubuhi na kukanda unga, na jioni aliwagawia watoto wa jirani zile chapati, mpaka mama zao nao wakawaita watoto.

Nikamwendea. Alikuwa akipangusa meza iliyokuwa safi.

"Unajua imetoka wapi?" nikamuuliza.

"Najua." Akaendelea kupangusa. "Alikuja kuniposa. Alivaa kanzu, akaleta na mjomba wake. Nilimwambia kwa heshima kwamba bado sijamzika mume wangu moyoni. Ukiwatoa wao wawili, hakuna anayejua ila wewe sasa."

"Semea kwenye kile kipaza, Zaina. Una haki. Sema yote."

"Nitafikiri," akasema.

Siku chache baadaye lile lori la mafuta likarudi kutoka Zambia, na dereva wake akashuka akiwa mzima, amekonda kidogo. Malaria ilimlaza hospitali Iringa, basi. Aliposikia kilichosemwa, alimfuata Zaina akiwa na hasira kuliko Zaina mwenyewe. Wakaja wote wawili kibandani. Zaina alikuwa amejifunga kanga safi.

Nilimwashia kipaza. Watu walikwisha kumwona, wakaanza kusogea, wapiga debe, wauza machungwa, abiria wa basi la Iringa. Ng'ambo ya barabara Shabani alisimama na tairi mkononi. Hakuweza kukimbia na hakuweza kuendelea na kazi. Uso wake ulikuwa umekuwa wa majivu. Alijua Zaina ana neno moja, ile posa ya kanzu na mjomba na jibu alilopewa, na kwamba mji mzima ungecheka mpaka aihame Mikumi.

Mimi nilisimama nusu hatua nyuma. Nilitamani aliseme.

"Mimi ni Zaina," akasema. "Mmesikia nimemwekea mtu kitu kwenye chakula. Mtu mwenyewe huyu hapa, muulizeni. Aliyeyasema namfahamu. Ana uchungu wake, na uchungu wenyewe naujua, lakini si wangu kuutangaza. Ninachowaomba ni mje mle kama zamani. Chai iko tayari."

Akanirudishia kipaza. Dereva naye akasema jina lake na hospitali aliyolazwa, akaongeza kwamba ana njaa. Watu wakamfuata. Kabla ya adhuhuri benchi zilikuwa zimejaa.

Jioni nilikuwa nimekaa pale na kikombe changu. Wakati huo sikujua bado kwamba baada ya mwaka na zaidi, uzito wa msiba ulipompungua, ni mimi nitakayevaa kanzu na kwenda kumuuliza lile lile swali, na nitapata jibu tofauti. Nilikuwa jirani tu anayekunywa chai. Shabani akavuka barabara. Alikuwa amenawa mikono, lakini weusi wa mpira hautoki kwa siku moja. Akasimama mlangoni, mazungumzo yakapungua meza moja baada ya nyingine.

"Ni mimi niliyesema," akasema. Hakupaza sauti, na hakuna aliyemwomba arudie. "Dereva hakuwekewa kitu. Nilisema mimi, Shabani."

Alibaki amesimama, mikono ikining'inia, kama anayesubiri afukuzwe. Zaina akachukua kikombe, akakipangusa kwa ncha ya kanga, akaweka mezani mahali pale Shabani alipozoea kukaa.

"Kaa," akasema. "Nikuwekee sukari?"